Dundu wa Mavi na Dawa ya Josho

Dundu anayeviringisha mavi ya ng'ombe huonwa na wengi kuwa kichekesho cha watoto wachungaji, ilhali ndiye anayeumizwa na dawa ambayo hata haikukusudiwa yeye. Dawa yenyewe ni deltamethrini, iliyobuniwa mwaka 1974 na Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Lakini wakati sumu ya pareto huharibika upesi ikipigwa na jua, hii iliundwa idumu, na ndiyo maana ng'ombe aliyeogeshwa dhidi ya kupe na mbung'o huweza kutoa mavi yenye sumu kwa siku kadhaa.

Dundu mpevu hatafuni nyuzi za majani zilizomo katika mavi, bali huyakamua kwa taya zake laini na kufyonza majimaji yenye chembe ndogo mno, na masalia ya dawa huingia humohumo. Sumu ikifika katika neva huzuia vijia vya sodiamu, yaani matundu yanayopitisha ishara za mwili, visifunge. Miguu hutetemeka, mdudu hupinduka chali, na donge alilokuwa akilisukuma kinyumenyume hubaki juani likikauka. Hasara hiyo haizibiki upesi, kwa kuwa nzi hutaga mayai kwa mamia na kurudi kwa wingi baada ya majuma machache, wakati jike wa baadhi ya madundu wa jenasi ya Kheper hulea mtoto mmoja tu katika msimu mzima, akilinda donge lake chini ya ardhi.

Australia, ambako madundu wa asili hawakuyazoea mavi ya ng'ombe, ililazimika kuanzia miaka ya 1960 kuagiza madundu kutoka Afrika, nasi tulio nao bure tunawanyunyizia. Kazi zao ni kupenyeza hewa ardhini, kuzika mbolea na mbegu, kupunguza nzi na minyoo ya mifugo, na nyinginezo.

Ipo njia iliyojaribiwa Zimbabwe na kutumika Uganda: ng'ombe hupakwa dawa miguuni na tumboni tu, mahali mbung'o wanapopenda kutua, hivyo dawa inayotumika na inayofika katika mavi hupungua sana, na mfugaji naye hutumia fedha kidogo.