Kula Vizuri kwa Fedha Kidogo: Mazoea ya Tabora

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilituama Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, na posho ya mpagazi ilipimwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku. Nafaka ilimshibisha, kitoweo mara nyingi alijitafutia. Katika kaya nyingi mambo yangali hivyo: fedha ya siku huishia kwenye unga, na watoto hushiba bila kupata vijengavyo mwili.

Tunaanza na unga wenyewe. Sembe hutokana na mahindi yaliyokobolewa, na katika kukoboa huondoka ganda na kiini, palipo na sehemu kubwa ya mafuta, vitamini na madini. Mlaji hulipia kazi ya kupunguziwa chakula. Dona haina hasara hiyo. Kwa kuwa mafuta ya kiini huchacha upesi, isagwe ya wiki moja au mbili tu. Mtama na uwele, nafaka za kale za Unyamwezi, navyo havistahili kuitwa chakula cha shida.

Kitoweo cha bei nafuu hakina maana ya kitoweo duni. Kunde, choroko na karanga hujenga mwili, na dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanaoifuata njia ile ile ya misafara ambayo reli yake ilifika Kigoma mwaka 1914, huliwa pamoja na mifupa, hivyo huleta kalsiamu. Wachache waliotwangwa hutosha kuungia mboga ya familia. Ukikamulia limau kwenye kunde, mwili hupokea vyema madini ya chuma. Chai ya rangi inayonywewa papo hapo na chakula huyazuia.

Mboga za majani hujaa wakati wa mvua na kuadimika kiangazi. Wenyeji walikwisha kulitatua jambo hili: majani ya kunde huchemshwa na kuanikwa yakawa nsansa, na viazi vitamu hukatwa na kukaushwa vikawa michembe. Tunashauri majani yaanikwe kivulini penye upepo, kwani jua kali hupunguza vitamini A.

Nafaka huwa rahisi baada ya mavuno na hupanda bei miezi ya mvua. Asiyemudu gunia anaweza kuchangiana na majirani, wakagawana kwa mizani. Kununua kwa kopo kila jioni huonekana nafuu, lakini mara nyingi hugharimu zaidi kwa kilo. Na kopo lililobonyezwa kitako, ambalo si geni masokoni, humnyima mnunuzi bila yeye kujua. Uliza bei ya kilo, na utazame kama mizani ina alama ya kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Unafuu mmoja tunaukataa kabisa. Karanga au mahindi yenye ukungu, yaliyosinyaa au kubadilika rangi, yanaweza kuwa na sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nayo haiondoki kwa kupikwa. Yasinunuliwe hata kwa bei ya kutupa. Yakionekana ghalani mwako, usiyachanganye na mazima, usiyatengenezee pombe, wala usiwape kuku.