Jezi ya timu ya mtaa: Nani hasa mwenyewe?

KATIKA mtaa wa Makongeni, kando ya barabara ya kutoka Thika kuelekea Garissa, timu nyingi za ridhaa hazimiliki uwanja, basi wala ofisi. Mali yao kubwa ni mfuko mmoja uliojaa jezi.

Anayezitazama jezi hizo kwa makini, rangi yake na maandishi ya kifuani, huweza kukisia ni nani anayegharamia timu kwa wakati huo. Historia ya jezi za kandanda nchini Kenya ni historia ya wagharamiaji hao: jamii, viwanda, wafadhili wa kibiashara na wanasiasa.

Neno lenyewe limesafiri kutoka mbali. Jersey ni kisiwa kilichoko kati ya Uingereza na Ufaransa, na wakazi wake walisifika kwa kufuma mavazi ya sufu. Vazi likachukua jina la kisiwa, na Waswahili wakaliita jezi.

Sheria za kwanza za kandanda zilizoandikwa jijini London mwaka 1863 hazikutaja rangi za mavazi. Wachezaji wa enzi hizo walitambuana kwa kofia na vitambaa. Nambari za mgongoni zilijaribiwa katika ligi ya Uingereza mwaka 1928 na kuwa za lazima mwaka 1939. Matangazo ya biashara yalipata nguvu mnamo 1973, Eintracht Braunschweig ya Ujerumani ilipovaa nembo ya kinywaji cha Jägermeister.

Humu nchini, rangi zilitangulia matangazo. Abaluhya ilianzishwa mwaka 1964 na Gor Mahia mwaka 1968. Klabu hizo zilijengwa juu ya misingi ya jamii, na mashabiki wakazishikilia rangi zake kama bendera: buluu na nyeupe upande mmoja, kijani na nyeupe upande wa pili.

Nguvu ya rangi ilidhihirika serikali ilipotaka klabu ziachane na majina ya kikabila karibu na mwaka 1980. Abaluhya ikageuka AFC Leopards. Jina lilibadilika, lakini shabiki aliyefika uwanjani hakupotea njia, kwani buluu na nyeupe zilikuwa zingali pale.

Aina ya pili ya jezi ilitoka viwandani. Kampuni ya bia iliyoko Ruaraka, kwenye barabara ya Thika, iliunda Kenya Breweries, ambayo leo ni Tusker. Timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1994. Mjini Thika kwenyewe, Bidco United ina jina la watengenezaji wa mafuta ya kupikia na sabuni, nayo ilipanda hadi Ligi Kuu mwaka 2020.

Kwa mji wa viwanda kama Thika, mpango huo unaeleweka kwa urahisi. Makongeni ni makao ya vibarua na wafanyakazi wengi wa viwandani, na jezi yenye jina la mwajiri haimshangazi mtu. Hata hivyo, timu ya namna hiyo huishi kadiri mwajiri anavyopenda.

Kisha wakaja wafadhili wanaonunua nafasi ya kifuani tu. Kampuni ya maziwa ya Brookside, yenye makao yake Ruiru, iliwahi kuifadhili Thika United. Gor Mahia nayo ilivaa nembo ya Tuzo, maziwa ya kampuni hiyo hiyo, na ikatwaa ubingwa wa ligi mwaka 2013 kwa mara ya kwanza tangu 1995.

Baada ya maziwa zikaja kamari. Gor Mahia na Everton ya Uingereza zilipokutana Dar es Salaam Julai 2017, timu zote mbili zilivaa nembo ya SportPesa. Everton ilishinda 2-1. Miaka miwili baadaye, leseni ya SportPesa ilipokosa kuhuishwa, kampuni hiyo ilisitisha ufadhili wake wa michezo nchini Kenya. Nembo iliyokuwa kila mahali ikabaki kwenye jezi kuukuu.

Ikiwa klabu kubwa hutetereka hivyo, timu ya ridhaa ya mtaani hutetereka zaidi. Haina mkataba wala wakili. Hununua jezi kwa mchango wa wachezaji, huokota za Arsenal au Chelsea katika mitumba, au hungoja mhisani.

Jezi za mitumba ni nafuu, ila kupata kumi na moja zinazofanana ni kazi. Hilo si suala la urembo tu. Sheria ya 4 ya kandanda inataka timu mbili zivae rangi zinazozitofautisha, na kipa atofautiane na wachezaji wengine pamoja na waamuzi. Timu yenye seti moja pekee hulazimika kuazima inapokutana na wapinzani wenye rangi kama yake.

Mhisani anayefahamika zaidi mitaani ni mwanasiasa. Kila baada ya miaka mitano, uchaguzi unapokaribia, mipira na jezi hugawanywa, mara nyingi zikiwa na jina au rangi za mgombea. Timu iliyokuwa nyekundu huwa ya manjano kwa sababu ya chama cha mtu mmoja.

Zawadi hiyo haikataliki kwa urahisi, kwa maana vijana hawana uwezo na ligi haisubiri. Hasara yake huonekana baadaye. Mgombea akishindwa, jina lake huwa mzigo kifuani. Akishinda na kusahau, jezi huchakaa bila kubadilishwa. Isitoshe, mchezaji asiyemuunga mkono hugeuzwa bango lake bila kuulizwa. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Somo la Abaluhya ni kwamba rangi inaweza kudumu kuliko jina, sembuse mfadhili. Timu ya mtaa inaweza kuiga hilo bila fedha nyingi. Kwanza, wanachama wakubaliane juu ya rangi zao na kuziandika katika katiba ya timu. Pili, anayetaka kusaidia aelezwe mapema kwamba jina lake litawekwa juu ya rangi hizo, wala si mahali pake.

Tatu, jezi ziwe mali ya timu, zihesabiwe na kukabidhiwa mtunzaji anayejulikana, ili nahodha au kocha anapoondoka asiondoke nazo. Nne, mchango mdogo wa kila mwezi utengwe kwa ajili ya seti ya pili, hata ikichukua msimu mzima kukamilika.

Thika United iliteremshwa kutoka Ligi Kuu mwishoni mwa msimu wa 2018, ishara kwamba hata timu iliyowahi kuwa na jina kubwa kifuani haina kinga. Kwa kijana wa Makongeni anayecheza jioni baada ya zamu kiwandani, ligi hiyo iko mbali. Lililo karibu naye ni kujua kwamba jezi atakayoivua leo atairithisha mdogo wake, ikiwa na rangi ile ile.