Gari la spoti lililotumika: tulichague vipi, na tusiuze undugu pamoja nalo

  

Ndugu msomaji, juma hili kurasa hizi za familia zinazungumzia jambo ambalo wengine wataliona ni la vijana tu: ununuzi wa gari la spoti lililokwisha kutumika, kwa nia ya kukaa nalo miaka mingi. Hatukulichagua jambo hili kwa kupenda mwendo wa kasi. Lilitufikia mezani, katika kikao cha kamati ya msikiti, likiwa limekwisha kuwatenganisha Waislamu wawili waliokuwa wakiswali safu moja kwa zaidi ya miaka sita.

Mmoja alikuwa na Toyota Altezza nyeupe, inayong'aa, yenye sauti nzito ya ekzosi. Mwenzake, baba wa watoto wawili, alikuwa akiitamani tangu ujana wake. Wakakubaliana shilingi milioni tisa. Fedha zilikabidhiwa uwanjani kwetu baada ya swala ya Isha, nasi wanakamati tulikuwapo. Tukaomba dua ya baraka, tukaitikia amin, tukaagana. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza swali lolote juu ya hali ya gari lile.

Wiki ya tatu, akielekea Tanga na familia yake, injini ilipata moto. Fundi alipoifungua alikuta kichwa cha injini kilikwisha kufunguliwa na kuchongwa huko nyuma, na gasketi yake imeanza tena kuvuja. Muuzaji alikuwa akilijua hilo na hakulisema. Tangu siku ile salamu baina yao ilikatika, mmoja akahamia msikiti wa mtaa wa pili, na maneno yakaanza kuzagaa vibarazani.

Hukumu yao tutaieleza mbele. Kwanza tuzungumze na wale ambao bado hawajanunua, maana kinga ni bora kuliko tiba.

Nia na mfuko

Kupenda kitu kizuri si dhambi. Mtume (SAW) alipanda farasi wazuri, na mashindano ya farasi yalifanyika katika zama zake. Linalokatazwa ni israfu, majivuno, na kuwadhulumu wale ambao nafaka yao iko juu ya shingo yetu, yaani mke, watoto na wazazi. Kwa hiyo swali la kwanza halihusu injini. Je, gari hili litanunuliwa kwa ziada, au kwa ada ya shule ya mtoto?

Swali la pili ni chanzo cha fedha. Mkopo wa riba hauhalaliki kwa sababu gari ni zuri. Aliyepungukiwa anaweza kuiendea taasisi inayofanya murabaha, ambapo taasisi hulinunua gari likawa mali yake kwanza, kisha humuuzia mteja kwa bei inayojulikana na isiyoongezeka akichelewa. Asiyeyaona masharti hayo yakitekelezwa, na asubiri.

Tatu, usimalize fedha zote kwenye bei. Mwenye milioni kumi na mbili atafute gari la milioni tisa. Tatu zinazobaki ni za kuhamisha umiliki, bima, matairi, breki, oili na mikanda. Gari la spoti lililotumika halidai bei yake siku ya kununuliwa tu. Hudai tena katika mwaka wa kwanza, na asiyejiandaa huliona baya ilhali ubaya ni wa hesabu yake.

Gari gani la kukaa nalo?

Anayenunua ili auze baada ya mwaka huangalia sura na soko. Anayenunua ili akae nalo miaka kumi huangalia mambo matatu: spea zinapatikana, mafundi wanalijua, na halijachezewa.

Altezza iliuzwa Japani kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, na nchi nyingine iliitwa Lexus IS200. Ina milango minne na viti vitano, hivyo baba wa familia anaweza kuitumia bila kumwacha mtoto nyumbani. Vijana hukimbilia RS200, yenye injini ya 3S-GE ya silinda nne na gia sita za mkono. Ni injini kali yenye nguvu ya farasi zipatazo 210, lakini toleo lake hili halikusambaa katika magari mengi, na spea zake za ndani hutafutwa kwa taabu. AS200 ni ya polepole zaidi. Injini yake ya 1G-FE ina silinda sita, nayo ilifungwa pia katika Mark II na Crown, magari ambayo mafundi wetu wameyazoea. Kwa anayetaka kuzeeka na gari, sisi tungemshauri hii ya pili.

Subaru Impreza nayo inapendwa sana. Injini yake imelala, silinda zikitazamana kushoto na kulia, na nyingi huvuta kwa matairi yote manne. Uzuri wake ni kushika barabara. Gharama yake ni kwamba matairi yote manne yanapaswa kulingana kwa ukubwa na kwa ulaji, la sivyo mfumo wa kuvuta huumia. Zile zenye tabo hazisamehe uzembe wa oili. Impreza ya tabo iliyopitia mikono ya vijana watano ni mtihani, hata ikiwa imepakwa rangi mpya.

Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ zilianza kuuzwa mwaka 2012, zikiwa na injini ya lita mbili inayotumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Viti vya nyuma vipo kwa jina tu. Anayeagiza za miaka ya mwanzo ahakikishe kuwa gari lilirudishwa kwa matengenezo ya springi za valvu, kwa sababu watengenezaji waliyaita magari hayo mwaka 2018 kwa kasoro hiyo. Ama Mazda Roadster, iliyoanza mwaka 1989, ni gari lenye sifa njema duniani, lakini lina viti viwili tu. Mwenye mke na watoto watatu atambue kuwa ananunua gari lake, si la nyumba yake.

Tunaongeza angalizo la umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kwetu Tanzania linaingia, lakini uzee wake huongezewa ushuru. Ndiyo maana Altezza nyingi hununuliwa hapa hapa, mkononi mwa mtu. Wala usidanganyike na herufi ya kibao. "Namba D" au "namba E" hueleza gari lilisajiliwa lini nchini, haielezi lilitengenezwa lini.

Kulikagua

Nenda asubuhi, mchana kweupe, na umwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa injini. Ukiikuta ina joto, uliza kwa nini. Likiwa bado baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yenye utando wa mafuta au rangi ya maziwa ni dalili kwamba oili na maji vimekutana. Hapo ndipo ndugu yetu angeokoka, kama yeye au sisi mashahidi wake tungelifungua kifuniko kile.

Liwashe na utazame moshi. Wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yanayozidi, na mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia ndani. Taa za onyo kwenye dashibodi ziwake unapofungua ufunguo kisha zizime. Taa ya mifuko ya hewa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa.

Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya bodi ya chuma. Mahali isiposhika, rangi inaficha kitu. Tazama tairi ubavuni, utaona tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Linganisha namba ya chesi na ile ya kadi. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, maana katika injini hizi aghalabu hubadilishwa kila kilomita 100,000. Asiyejua ulibadilishwa lini, na auhesabu kuwa haujabadilishwa.

Kama gari linatoka mnadani Japani, omba karatasi ya mnada. Daraja la R au RA maana yake ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Katika mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipotengenezwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Kilomita zilizoandikwa humo zilinganishe na zile za dashibodi.

Mwisho, epuka gari lililokatwa springi, lililobadilishwa ekzosi, na lililofungwa vifaa ambavyo mwenyewe hawezi kuvieleza. Lililobaki kama lilivyotoka kiwandani ndilo litakalodumu. Na umlipe fundi wako mwenyewe, si fundi wa dalali.

Amana ya muuzaji

Imepokewa kuwa Mtume (SAW) alipita sokoni akakuta lundo la nafaka, akaingiza mkono wake, vidole vikagusa unyevunyevu chini yake. Mwenye nafaka alisema imenyeshewa na mvua. Mtume (SAW) akamkemea kwa kutoiweka juu watu wapate kuiona, na akabainisha kuwa mwenye kughushi amejitoa katika mwenendo wetu. Gari lililong'arishwa juu ya injini mbovu halina tofauti na nafaka ile.

Wengi hujikinga kwa kusema: "Nimekuuzia kama lilivyo." Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu pwani hii tunayafuata, sharti la kujivua na aibu zote halimwokoi aliyeijua kasoro akaificha. Wanazuoni waliliruhusu sharti hilo katika jambo finyu: aibu ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua.

Mnunuzi naye ana mipaka. Akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya mauzo, ana hiyari ya kurudisha, lakini airudishe upesi, wala asiendelee kutumia kana kwamba ameridhia. Na ikizuka aibu mpya mikononi mwake, hawezi tena kumlazimisha muuzaji apokee gari. Hapo huangaliwa fidia au makubaliano.

Tukumbushe pia kuwa gari la matumizi halina zaka, hata likiwa la thamani. Lakini mwenye kununua magari ili ayauze, hayo ni mali ya biashara. Mwaka wake ukitimia na kiwango kimefika, atoe asilimia 2.5 ya thamani ya soko.

Walivyopatana

Tulipowaita wale ndugu wawili, kila mmoja alikuja na haki yake mkononi. Muuzaji alisema mwenzake alilijaribu gari, akaridhika. Mnunuzi alisema amedhulumiwa. Sheikh wetu aliwauliza swali moja moja. Kwa muuzaji: ulijua? Akanyamaza, kisha akakiri. Kwa mnunuzi: baada ya safari ya Tanga, uliendelea kuliendesha kwa muda gani? Akajibu, miezi miwili, akiongeza maji kila asubuhi, hadi kichwa cha injini kilipopinda kabisa. Na katika miezi hiyo miwili alikuwa amemwita mwenzake mwizi mbele ya watu wengi.

Basi dhulma ilikuwa pande zote mbili, ingawa haikuwa sawa. Kurudisha gari hakukuwezekana tena. Matengenezo yalikadiriwa shilingi milioni moja na laki nane. Walisuluhishwa muuzaji alipe milioni moja na laki mbili, na mnunuzi abebe laki sita zilizosababishwa na kuendelea kuliendesha. Kisha mnunuzi alitakiwa aende kwa wale aliowaambia, asafishe jina la ndugu yake kwa kadiri alivyolichafua. Hilo la mwisho lilikuwa zito kwake kuliko fedha, nasi tulimwona akifuta jasho.

Sisi wa kamati pia hatukutoka mikono mitupu. Tulishuhudia biashara ile ikifungwa bila kuandikwa, ilhali Qur'ani imetuelekeza kuandika na kushuhudisha. Tangu hapo tumeweka daftari. Mtu wa jamaa yetu anayemuuzia mwenzake chombo cha moto anaombwa kuandika kwa mkono wake kasoro anazozijua, mnunuzi anatia saini, na mashahidi wawili wanasoma kabla ya dua. Hadi sasa yameandikwa magari manne na pikipiki saba. Katika moja ya magari hayo bei ilishuka laki tano papo hapo, na wote wawili waliondoka wakicheka.

Altezza ile imetengenezwa na ingali inatembea. Mwenyewe ameiondoa ekzosi ya kelele, akarudisha ya kiwandani, na watoto wake huja nayo madrasa. Ijumaa iliyopita tuliwaona wale wawili katika safu moja, baina yao wakiwa watu wawili. Hawajawa bega kwa bega kama zamani, lakini aliyehama amerudi.

Tunamwomba Allah (SW) azisafishe biashara zetu, atupe vyombo vyenye manufaa, na asijaalie mali kuwa sababu ya kukatana. Wabillahi tawfiq.