Viatu vya Mtumba Ununuapo Ukiwa Likizoni

Anayenunua viatu vya mtumba karibu na nyumbani kwake ana kinga isiyoandikwa katika sheria yoyote: muuzaji anamfahamu, na kesho wataonana. Kiatu kikimbana hurudi nacho, wakasemezana, akapewa kingine. Msafiri wa likizo hana kesho hiyo. Amenunua Moshi siku moja kabla ya basi lake kuondoka, na kiatu kinaanza kumwumiza akiwa Dodoma, mahali ambapo nauli ya kukirudisha inazidi bei yake.

Sheria nayo haimsaidii sana hapo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humpa mnunuzi kinga dhidi ya kasoro iliyofichika, lakini kasoro ambayo ukaguzi wake mwenyewe ungeifichua humwangukia yeye. Kubana na kupwaya ni mambo ya namna hiyo; mguu ulikuwapo na kiatu kilikuwapo. Ni tofauti na muuzaji aliyekwambia kiatu ni cha ngozi ilhali anajua si ngozi, au aliyeziba ufa wa soli kwa gundi na rangi. Huo ni udanganyifu, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inaukataza.

Wengi huamini namba iliyoandikwa kwenye ulimi au chini ya soli. Sisi tunashauri iaminiwe kidogo tu. Robota moja la mitumba huweza kuwa na viatu vya vipimo vya nchi mbalimbali. Katika kipimo cha bara la Ulaya, kutoka namba moja hadi inayofuata ni thuluthi mbili za sentimita. Katika kile cha Uingereza ni thuluthi moja ya inchi, yaani karibu milimita 8.5. Kiatu cha kiume kilichoandikwa 9 kwa kipimo cha Marekani hukaribia 8 ya Uingereza, na jina la nchi likiwa limefutika huwezi kujua unasoma kipimo kipi. Viatu vya Japani na Korea huandikwa urefu wa mguu wenyewe, 26.5 kwa sentimita au 265 kwa milimita. Kwa hiyo pima wayo wako kwa rula kabla ya safari, upate pa kuanzia. Hata hivyo, namba hiyo ilikuwa ya kweli siku kiatu kilipokuwa kipya. Mguu wa mwenye nacho wa kwanza umekwisha kukitanua upande mmoja, na ngozi iliyofuliwa ikaanikwa juani huenda imesinyaa.

Nenda sokoni alasiri badala ya asubuhi, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kwa kutembea na kwa joto, hasa mguu wa mtu aliyetoka Njombe akashukia pwani. Jaribu viatu vyote viwili: miguu ya watu wengi hailingani, na pengine jozi yenyewe si jozi. Toa karatasi zilizosokotwa ndani. (Muuzaji hakuziweka kwa hila, bali kulinda umbo la kiatu, ila kipande hubaki mbele mara nyingi kuliko inavyodhaniwa.) Kisha simama na utembee, usipime ukiwa umeketi kwenye kigoda. Kidole kirefu kibakiwe na nafasi ya karibu sentimita moja. Ukiambiwa kuwa kitatanuka, kumbuka kwamba ngozi hutanuka kwa upana, urefu hauongezeki.

Mwenye kisukari asinunue kiatu kinachobana hata kidogo. Maradhi hayo huweza kufifisha hisia za miguu, kiatu kikamchubua bila yeye kujua, na mchubuko mdogo ukawa kidonda kisichopona, hata kumgharimu mguu. Asingoje maumivu yamwonye. Apapase ndani ya kiatu kwa mkono, na jioni aitazame miguu yake.

Wanaonunua buti za kupandia Kilimanjaro wana tahadhari nyingine. Wakati wa kushuka, vidole husukumwa mbele kwa saa nyingi, hivyo buti inayotosha barabara sokoni huweza kung'oa kucha mlimani. Aidha, soli nyepesi za povu la plastiki huoza kwa umri, hata kama buti haijavaliwa. Ikunje soli na uibonyeze kwa ukucha. Ikimeguka kama mkate mkavu, iache.

Kwa mtoto aliyebaki nyumbani, njia ya wazee ya kukata kijiti kwa urefu wa wayo wake ingali bora kuliko kukumbuka namba, mradi kijiti kiingie ndani ya kiatu na kubakiza nafasi.

Muuzaji akikubali kukubadilishia, mwombe aandike tarehe, bei, namba ya kizimba na siku alizokubali, hata kama ni kwenye kipande cha karatasi. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo; unaonyesha jina, kiasi na saa.

Ikiwa umekwisha kufika nyumbani na kiatu kinabana ubavuni, fundi viatu mwenye kalibu ya mti anaweza kukitanua kikiwa cha ngozi halisi. Kinachogusa vidole kwa mbele hana la kukifanyia. Mpe ndugu au jirani mwenye mguu mdogo.