Uzito wa Tusi Jepesi

Katika kifungu cha 208 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachofafanua uchokozi, mna maneno yaliyonikosesha raha tangu niyasome: kwamba tusi, ili limshushe aliyeua kutoka kosa la kukusudia hadi la kutokusudia, sharti liwe la kumtoa mtu wa kawaida katika nafsi yake. Nani basi aupimaye uzito huo, ilhali shahidi husema Kiswahili, Kipokomo au Kiorma, na kumbukumbu za mahakama aghalabu huandikwa kwa Kiingereza?

Mzee mmoja wa Ndera, aliyekuwa mkalimani wa mahakama kabla ya kurejea shambani kwake kando ya Mto Tana, alinieleza huku akipukuchua mahindi ya mbegu. Shahidi akitamka mjinga, zuzu, juha au mpumbavu, yote manne, alisema, huingia daftarini kwa neno moja, “fool”, na hayalingani hata chembe. Mjinga ni asiyejua, na asiyejua hufunzwa, ndiyo maana babu humwita mjukuu hivyo huku akimmenyea embe. Zuzu huduwaa, juha huchekwa. Bali mpumbavu ni aliyejaaliwa akili akaitupa, na mtu akiambiwa hivyo mbele ya wakwe zake, au pale malkani, kwenye njia ya ng'ombe kwenda majini wanayoigombania mkulima na mfugaji, hadhi yake yote imeguswa. Mzee alinitamkia neno hilo mara mbili, kwanza kwa kulivuta, kisha kwa kulikata, nami niliona dhahiri kwamba lile la pili lingeweza kuinua fimbo.

Waingereza nao wanayo mizani yao: “silly” waweza kumwambia umpendaye, na “idiot” liliwahi kuwa, katika sheria yao ya mwaka 1913, jina la daraja la chini kabisa la akili.

Mzee alijua tofauti hizo zote, naye hakuzisema kortini, kwa kuwa kiapo chake kilimwamuru kufasiri, si kusherehesha. Je, kwa kutii hivyo alitenda haki? Kifungu chenyewe hakisemi ni nani aitwe kuthibitisha uzito wa neno, awe mzee wa Gasa, baraza la Wapokomo, au jirani aliyelisikia likitamkwa.