Kutu ya Chesisi na Imani ya Oili Chafu

Chesisi ya pikapu huanza kuliwa na kutu mahali pasipoonekana. Mihimili yake miwili mirefu, katika pikapu kama Hilux, imefungwa pande zote kama boksi kwa sehemu kubwa. Tope huingia kupitia vitundu vilivyowekwa kwa ajili ya kutoa maji, huviziba, na unyevu hubaki ndani miezi yote. Kwa nje kutu hushambulia kingo, mishono ya kuchomelea na pale kokoto zilipobandua rangi. Pikapu inayobeba samaki kutoka soko la Feri, Dar es Salaam, hudondokewa chini na maji ya barafu yaliyokwisha kuchanganyika na ya bahari. Gari lililotumika kaskazini mwa Japani huweza kuteremka bandarini likiwa na chumvi tayari, maana huko barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Wala rangi ya kiwandani si kinga ya milele: mwaka 2016, nchini Marekani, Toyota ilikubali kumaliza kesi ya wamiliki wa Tacoma, Tundra na Sequoia ambazo chesisi zake zililiwa na kutu, na gharama ya makubaliano hayo ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4.

Mwenye gari akishaiona hali hiyo, swali lake huwa lilelile: oili chafu ichanganywe na dizeli kwa kipimo gani kabla ya kupuliziwa? Nusu kwa nusu, au dizeli izidi? Hakuna kipimo kilicho sahihi, na anayeuliza tena baada ya kujibiwa mara nyingi huwa keshanunua dizeli.

Imani hii ya oili chafu ina mahali ilipotoka. Injini kuukuu ikivuja, kipande cha chesisi kilicho chini yake hubaki kizima miaka mingi huku nyuma ya gari pamechakaa. Mtu huinama, huona, kisha huhitimisha kwamba oili huzuia kutu. Kinachosahaulika ni kwamba kipande hicho kilipata oili kikiwa bado na rangi yake ya kiwandani, kabla hakijaguswa na kutu, na kwamba mvujo huongeza oili kila siku gari linapotembea. Pia kiko karibu na joto la injini, kwa hiyo hukauka upesi. Kupulizia oili mara moja kwa mwaka juu ya chuma kilichokwisha kubabuka ni jambo jingine kabisa. Wapo pia wanaotoa mfano wa nguzo za uzio, ambazo hupakwa oili chafu zisiliwe na mchwa. Mti hunyonya mafuta hadi ndani. Chuma hakinyonyi; kinachonyonya ni kutu, na kutu ya pwani ni sifongo iliyokwisha kushiba chumvi.

Hapo ndipo hoja nzima ya oili inapoanguka. Chumvi haitumiki ikaisha. Hushiriki kuyeyusha chuma, huachiwa huru, kisha huanza upya chini kabisa ya shimo la kutu. Chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75, na usiku wa Tanga au Mombasa huvuka kiwango hicho bila hata tone la mvua. Utando wa oili juu ya sifongo hiyo haujaiondoa chumvi wala haujayatoa maji. Umeyafunika tu.

Halafu oili yenyewe imechoka, na ndiyo maana ikamwagwa. Ikiwa mpya huwa na viungo vya kuua asidi zinazotokana na mwako. Kufikia siku ya kubadilishwa, sehemu kubwa ya viungo hivyo imetumika, na ndani yake mna masizi, mabaki ya mafuta yasiyoungua, maji kidogo na chembe za chuma. Huu ndio mchanganyiko unaopewa kazi ya kulinda chuma! Dizeli inayoongezwa humfaa mpuliziaji tu: huilainisha oili ipite kwenye bomba, kisha sehemu yake hupotea hewani na nyingine hutiririka. Mvua za masika hupunguza kilichobaki. Vumbi la barabarani hunata hapo na kufanya uji mweusi unaoshika unyevu kwenye kona, mahali palepale ambapo pangefaa kukauka.

Madhara hayaishii kwenye chuma. Bushi za mpira asilia huvimba na kulegea zikilowa mafuta. Tone likifika kwenye diski au viatu vya breki, gari halisimami inavyopaswa. Mvuke wa oili chafu si wa kuvutwa puani, na kemikali za mwako zilizomo zimethibitika kuleta saratani ya ngozi kwa wanyama wa maabara. Kinachodondoka huingia ardhini, pengine hatua chache kutoka kisimani. Na mwenye gari akija kuamua kupaka rangi ya kweli, hukuta mafuta yamejificha kwenye kila shimo: rangi hukataa kushika, hufanya vishimo, na fundi wa kuchomelea hupata mshono wenye matundu. Kwa maneno mengine, oili chafu haizuii kutu, huzuia matengenezo.

Oili mpya na nta maalumu za kuzuia kutu zina kazi halali, na hilo lisichanganywe na haya. Lami juu ya kutu ni kosa la aina hiyohiyo: ikipasuka, maji huingia nyuma yake na chuma huoza bila kuonekana. Ndimu na soda husafisha bolti iliyolowekwa bakulini, si mhimili wa gari. Asidi ya betri haipaswi kutajwa kabisa.

Kazi yenyewe hufanyika nyumbani bila miujiza. Kwanza chesisi hugongwa kwa nyundo urefu wake wote na kuchokolewa kwa bisibisi. Panaposikika sauti nzito iliyokufa, au bisibisi ikipenya, rangi si suala tena. Hapo ni kukata na kuchomelea, kazi ya fundi wa chesisi. Ikiwa imara, gari hupandishwa na kukalishwa juu ya stendi, si jeki peke yake, na betri hufunguliwa. Vitundu vya maji huzibuliwa, mihimili huoshwa nje na ndani kwa sabuni ya kuondoa mafuta, kisha husuuzwa kwa maji mengi ya bomba. Maji ya kisima cha pwani mara nyingi yana chumvi, na kusuuza nayo ni kurudisha kilichotolewa. Kisha huachwa ikauke barabara.

Magamba huondolewa kwa patasi na nyundo, kinachobaki kwa grenda. Brashi ya waya ya mashine hudanganya: huing'arisha kutu ikafanana na chuma. Diski ya msasa hufika kwenye chuma chenyewe. Miwani na barakoa ni lazima, na cheche zisikaribie tangi la mafuta. Namba ya chesisi haiguswi kwa grenda hata kidogo. Ikififia, ukaguzi na uhamisho wa umiliki hugeuka kesi ya polisi. Kutu iliyobaki kwenye vishimo tu hupakwa dawa ya kugeuza kutu, yenye asidi ya taniki au fosforiki, kwa kufuata maelekezo ya kopo.

Praima hufuata siku hiyohiyo, kabla umande wa jioni haujashuka. Chuma kinapaswa kuwa na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutunga. Praima ya epoksi yenye kigumishi ndiyo bora. Mwenye bajeti ndogo hutumia praima nyekundu na rangi ya mafuta, akijua atarudia mapema zaidi. Kingo na mishono hupigwa kwanza kwa brashi, kwa sababu rangi inapokauka hujivuta na kuwa nyembamba hapo, kisha mikono miwili kote na rangi ya juu. Visivyopakwa ni mipira ya breki, bushi, ekzosi, sehemu za waya za kurudisha umeme na vitundu vya maji. Ndani ya mihimili hupuliziwa nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu, rangi ikishakauka.

Pikapu ya samaki huoshwa chini kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya safari. Baada ya masika vitundu huzibuliwa tena, na kila palipobanduliwa na kokoto hukwanguliwa, hupigwa praima na kupakwa rangi kabla kutu haijatambaa chini ya rangi ya jirani.