Ngozi ya ngoma: Tundu la kisu hula faida ya mfugaji

Wafugaji na wenye bucha wilayani Muheza, mkoani Tanga, wanaweza kujiongezea kipato kwa kuwauzia waundaji wa ngoma ngozi kavu isiyosindikwa, lakini kosa dogo wakati wa kuchuna huharibu biashara yote.

Ngozi ya mbuzi, kwa kuwa nyembamba, hutoa mlio mkali. Ya ng'ombe ni nene, mlio wake mzito. Hata konga, ngoma za Kuba zinazopigwa kwa mikono, huwambwa ngozi ya ng'ombe.

Mnunuzi makini huiinua ngozi kwenye mwanga kutafuta alama za kisu, kupe na chapa, kwani ikivutwa huweza kuchanika hapo. Sehemu ya mgongo ni imara. Ya tumbo hulegea.

Mfugaji anashauriwa kuitandaza kwenye fremu kivulini. Ikianikwa chini juani, hukauka juu na kuoza ndani.